Kifuko cha chai kinachoruka: tuone hewa inavyopanda

Karibuni tena, wapendwa. Leo tuko Mbeya, na nataka muione hewa ikipanda. Chukua kifuko cha chai kile chenye uzi na pini, sahani ya bati na kiberiti. Mimi napenda chai ya Tukuyu, kwa hiyo majani siyatupi.

Toa pini, toa uzi, mimina majani, kikunjue. Umepata mrija wazi juu na chini.

Hapa sasa tulia. Ingiza kidole, zungusha taratibu mpaka mrija uwe mviringo kabisa. Mkunjo ukibaki, utaegemea na kuanguka ukiwaka. Uwe mviringo, usimame wima. Funga dirisha, ondoa magazeti, weka maji karibu; watoto wawe na mtu mzima.

Washa juu. Juu, siyo chini! Ngoja, mwali hauonekani kwenye kamera, nivute pazia... Aa, kimeegemea. Mnaona ule mkunjo? Nazima, naweka kingine. Mviringo, jamani, mviringo. Washa... unashuka... unashuka... hicho, kimeruka!

Moto umepasha hewa, hewa ikatanuka, ikawa nyepesi. Hewa baridi ya pembeni ni nzito, inaingia chini na kuisukuma ile ya moto juu. Karatasi ilipobaki jivu jepesi, msukumo huo ukaushinda uzito wake.

Nje, moto ni jua. Linapasha ardhi ya bonde la Usangu, ardhi inapasha hewa inayoigusa, hewa inapanda. Kadiri inavyopanda shinikizo hupungua, nayo hutanuka na kupoa, karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita. Ikipoa kuliko hewa inayoizunguka, inakwama hapo. Lakini mvuke wake ukigeuka matone, joto hutoka, kupoa kunapungua, na wingu linazidi kupaa. Hapo ndipo radi zetu za mchana zinapoanzia.

Tukuyu kuna njia nyingine ya hewa kupanda, ninayoipenda zaidi. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Nyasa unakutana na Rungwe, mlima wa karibu mita 3,000. Hauna pa kupita, unapandishwa kwa nguvu, unapoa, unamwaga mvua. Ndiyo inayonywesha mashamba ya chai.

Na Kitulo, kule nyanda za juu, usiku mambo hugeuka: hewa iliyopoa inatelemka mabondeni, na viazi vya bondeni ndivyo huungua kwa baridi kwanza.

Vifuko vya duara visivyokunjuka havifai, msivinunue kwa kazi hii.