Mikono ya Mtoto wa Mwashi

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Leo tunamzungumzia Jerry Rice, mchezaji wa mpira wa Kimarekani ambaye kazi yake ilikuwa kudaka, na sitaanzia uwanjani. Naanzia kwenye matofali.

Rice alizaliwa mwaka 1962 Mississippi, akakulia Crawford, mahali padogo pa mashambani. Baba yake, Joe Nathan, alikuwa mwashi, na msaidia fundi wake wakati wa kiangazi ni wanawe mwenyewe. Jerry alisimama juu ya jukwaa, ndugu yake akimrushia matofali kutoka chini, mara nyingine manne kwa mpigo, nayo yanaachana hewani, kila moja na njia yake. Alikuwa akiyadaka yote.

Nyinyi mliowahi kufanya kibarua cha ujenzi mnajua ninachosema. Tofali ukilipokea kwa mkono uliokazwa, linakuchuna ngozi. Sharti mkono ulifuate kidogo, urudi nalo, ndipo vidole vifunge. Mpira wa Kimarekani nao haupendi mkono mgumu. Yule arushaye, kwotabeki, anauachia kwa kasi huku ukizunguka, na mpokeaji anatakiwa amtoke beki, ageuke akiwa mbioni, audake. Mkono ukikaza, mpira unaruka.

Vyuo vikubwa havikumtaka. Akaenda Mississippi Valley State, chuo kidogo cha Wamarekani Weusi kule Itta Bena. Kocha Archie Cooley alikuwa na ujasiri wa pekee: aliwapanga wapokeaji wake upande mmoja, mmoja nyuma ya mwingine, na kwotabeki Willie Totten akirusha bila kuchoka. Msimu wa 1984 Rice alidaka mipira 27 ya kufunga. Leo uwanja wa chuo hicho unabeba majina ya wote wawili, Rice na Totten, na mimi hilo linanifurahisha kuliko vikombe, kwa sababu mdakaji bila mrushaji si kitu.

Bado watu wa NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, walikuwa na shaka. Walimpima kwa saa ya mkononi wakasema hana mbio. Mwaka 1985, timu za ligi zilipochagua vijana kutoka vyuoni kwa zamu, wachezaji wengine 15 walichaguliwa, wakiwamo wapokeaji wawili, kabla kocha Bill Walsh wa San Francisco 49ers hajamchukua. Saa ile ilipima mbio za kijana aliye peke yake kwenye mstari ulionyooka. Haikupima anavyokata kona bila kupunguza mwendo, na mechi nzima ni kona.

Mwanzo ulikuwa mchungu. Mipira ilimponyoka, mashabiki wa nyumbani wakamzomea. Yeye akazidisha kazi. Alikuwa akipanda kilima cha Edgewood, San Carlos, kama kilomita nne za kupandisha, na waliomfuata wengi walitapika njiani. Mazoezini, hata kwa pasi fupi, akishadaka hakusimama: alikimbia hadi mstari wa mwisho, wakati wenzake wanarudi wakitembea. Mechi haikuwa na jambo geni kwa miguu yake.

Mwaka 1987, katika mechi 12 tu, alidaka 22 za kufunga. Januari 1989, katika fainali ya ligi dhidi ya Cincinnati, alidaka mipira 11 iliyoisogeza timu yake mbele yadi 215, akatajwa mchezaji bora wa siku hiyo. Alitwaa ubingwa mara tatu. Goti likamvunjikia 1997, akarudi, akahamia timu ya Oakland Raiders na kuendelea kudaka akiwa amevuka miaka 40.

Alipostaafu 2005 alikuwa na yadi 22,895 za kupokea. Anayemfuata, Larry Fitzgerald, aliishia 17,492, na huyo ni gwiji kwelikweli. Hizo yadi za Rice ukizigeuza ni karibu kilomita 21, yaani karibu nusu marathoni, iliyokusanywa vipande vipande, na katika kila kipande kuna mtu anamkimbilia kumwangusha.