Kibali ni cha Kozi, Si cha Jina la Chuo
Mhadhara kwa wazazi na vijana waliomaliza Kidato cha Sita, Chake Chake, Pemba

Assalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliojipanga huko nyuma karibu na mlango kama watu wenye nia ya kutoroka, sogeeni mbele. Nimeambiwa nisizidi nusu saa kwa sababu kuna watu wa Micheweni wanataka kuwahi gari. Basi nitaanza na bahasha.

Miaka michache nyuma alinijia baba mmoja nyumbani baada ya sala ya Alasiri, mkononi ana bahasha ya kaki. Alinitafuta mimi kwa sababu nilifanya kazi ya udahili chuoni miaka mingi, na watu wanadhani mtu wa udahili anajua kila kitu. Akaitoa shahada ya mwanawe. Karatasi nzito kama kadi ya harusi, muhuri wa dhahabu unang'aa, utepe mwekundu, saini tatu za wino wa buluu. Wallahi ilikuwa nzuri kuliko yangu. Kijana aliipata kwa njia ya intaneti akiwa kazini Maskati. Amerudi, ameomba kazi, na kazini ameambiwa asubiri mpaka Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, iitambue ile shahada. TCU hawakuitambua.

Baba yule akaniwekea kidole juu ya karatasi: "Mwalimu, lakini hiki chuo kimesajiliwa. Namba ya usajili si hii hapa?"

Namba ilikuwepo, na ilikuwa ya kweli. Nilikaa nayo siku mbili tatu nikatafuta. Ilikuwa namba ya kampuni. Mtu amekwenda kwenye jimbo moja la Marekani, amejaza fomu, amelipa ada, amesajili kampuni na kuipa jina lenye neno chuo kikuu ndani yake. Kampuni halali kabisa. Chuo hakuna.

Sasa hapo ndipo tunapoumia. Neno "usajili" kwetu limekuwa kama blanketi, linafunika kila kitu. Hapa Zanzibar ukitaka kampuni utakwenda kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, na watakusajili ukitimiza masharti ya kampuni. Hawatakuuliza nani atafundisha hesabu na una vitabu vingapi. Si kazi yao. Ruhusa ya kufungua chuo na kuanza kufundisha ni jambo la pili. Na ithibati, kwamba mtu mwengine mwenye ujuzi ameingia ndani, amekagua masomo yenyewe na walimu wenyewe akaridhika, hilo ni jambo la tatu. Mtu anaweza kuwa na la kwanza akakosa mawili yaliyobaki, na tangazo lake lisiseme uongo hata neno moja.

Kwetu sisi chombo kinachotoa hayo mawili ya mwisho kwa vyuo vikuu ni TCU, bara na visiwani. Nikisema hivyo huwa naulizwa kwa nini chuo cha Tunguu kikaguliwe na tume iliyo chini ya Serikali ya Muungano, wakati skuli zetu za msingi na sekondari ziko chini ya wizara yetu wenyewe. Jibu limo kwenye Katiba ya mwaka 1977: elimu ya juu imo katika orodha ya Mambo ya Muungano. Najua neno hilo likitajwa kuna wenye kujiweka sawa kitini. Leo sikuja na ugomvi huo. Nataka mjue mlango wa kubisha ni upi.

Na mlango huo wenyewe si wa zamani. Mwaka 1995 kulikuwa na Baraza la Ithibati ya Elimu ya Juu, na jicho lake lilikuwa kwa vyuo binafsi. Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu na chuo cha elimu cha Chukwani, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait, vyote viwili ni vya 1998, vya wakati huo. SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, ikaja kwa sheria ya Baraza la Wawakilishi ya 1999. Halafu ikatungwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005, na Julai mosi ya mwaka huo TCU ikaanza. Kilichobadilika kikubwa ni kwamba chuo cha serikali nacho kiliwekwa chini ya jicho lile lile. Mimi naliona hilo ni jambo la haki. Kabla ya hapo ilikuwa kama kukagua dau la mvuvi ukaliacha la sheha.

Chuo kipya huanza na leseni ya muda. Hiyo inasema: tumeona mnachokusudia, tumeona pa kuanzia, anzeni tukitazama. Kikikua kikakaguliwa kikaridhisha ndipo kinapopata ithibati, na juu yake Hati Idhini, ambayo hutolewa na Rais wa Jamhuri ya Muungano. Vyuo vipo kwenye ngazi tofauti, na si aibu kuwa ngazi ya chini. Aibu ni kuificha.

Lakini haya yote ni ya chuo kama chuo. Kilichonileta leo ni kitu kidogo zaidi, na ndicho kinachowakamata watu: kila kozi ina kibali chake. Chuo kinaweza kuwa na Hati Idhini imetundikwa ukutani ndani ya kioo, na kozi anayokwenda kusoma mwanao ikawa haijapitishwa. Tawi nalo ni hivyo hivyo. Chuo kuruhusiwa Unguja hakumaanishi kwamba kimeruhusiwa kukodi ghorofa Wete, kikaweka bango na kufungua tawi.

Sisi wa Pemba haya tunayajua kwa lugha nyengine. Boti inayotuvusha ina cheti. Cheti hakisemi tu kwamba hiki ni chombo. Kinasema kinabeba watu wangapi. Tangu ile Septemba ya 2011, ilipozama MV Spice Islander ikiwa imejaza watu kupita kiasi, hakuna nyumba katika kisiwa hiki inayohitaji kuelezwa kwa nini ile idadi imeandikwa. Kozi nayo ina idadi yake. TCU hutoa kila mwaka vitabu vya mwongozo wa udahili, kimoja kwa waliomaliza Kidato cha Sita na kimoja kwa wenye stashahada, na humo utakuta chuo, kozi, sifa za kuingilia, na nafasi ngapi. Havilipiwi, vimo kwenye tovuti yao. Nimeona mzazi anauza shamba la mikarafuu kwa ajili ya ada bila kufungua kitabu ambacho mwanawe anaweza kukisoma kwenye simu akiwa amelala.

Mwaka 2017 ndio uliotufundisha. TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kabisa. Gazeti lilibeba hilo, na watu wakalikumbuka. Lakini habari ile ile ilikuwa na nusu ya pili: vyuo vyengine 22 viliachwa viendelee, ila kozi 75 ndani yake zikazuiwa kudahili. Vyuo vyenye majina, vyenye mahafali na majoho. Aliyeuliza "chuo hiki kipo?" aliambiwa kipo. Aliyeuliza "kozi hii ipo?" ndiye aliyeokoka.

Mkaguzi anatazama nini? Niwaambie niliyoyaona kwa macho yangu, chuo sikitaji. Tulikuwa tunasubiri wakaguzi. Maktaba yetu ilikuwa na rafu nyingi na vitabu vichache. Usiku wa kuamkia siku ile gari lilikuja na maboksi, asubuhi rafu zimejaa. Sote tuliona na sote tukanyamaza, mimi nikiwemo. Akaingia mama mmoja miongoni mwa wakaguzi, mtu mzima, mwembamba, hana maneno. Mkuu wetu anaeleza mipango ya miaka mitano, yeye hasikilizi. Anatembea na rafu. Alifanya kama afanyavyo mpima karafuu mzoefu: hakutazama mdomo wa gunia, alitia mkono mpaka chini. Akavuta kitabu cha rafu ya mwisho, akafungua ukurasa wa kwanza, akatutazama. Kulikuwa na muhuri wa maktaba ya chuo chengine. Akavuta cha pili. Muhuri ule ule. Akakirudisha pole pole, akaomba maji ya kunywa. Kozi mbili tulizoziombea hazikupita mwaka ule. Nilichukia sana siku hiyo. Leo nikimkumbuka namuombea dua.

Maana hawahesabu vitabu tu. Wanauliza mwalimu huyu kasoma nini na ameajiriwa hapa au ameazimwa, wanafungua makabati ya maabara, wanasoma mtaala. Na mtaala una hesabu yake. Shahada ya kwanza haipungui krediti 360, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani, maktaba na kujisomea usiku. Hizo ni saa 3,600. Yule kijana wa bahasha ya kaki shahada yake ilimchukua wiki sita. Gawanya mwenyewe: ni saa 85 na ushei kila siku, na siku tunayoijua sisi ina 24.

Nisiache kusema kidogo juu ya Marekani, kwa sababu karatasi nyingi za aina hii zinatumia jina la huko. Watu wanafikiri kule kuna wizara moja inayoruhusu vyuo vyote. Hakuna. Ruhusa ya kufungua chuo inatolewa na kila jimbo peke yake, majimbo 50, na masharti hayafanani. Kuna majimbo yaliyokuwa makali na kuna yaliyokuwa kama banda lisilo mlango. Ithibati inatolewa na mashirika yasiyo ya serikali. Serikali kuu ya Washington inaingia kwenye fedha za mikopo na misaada, kwa Sheria ya Elimu ya Juu ya 1965, na hiyo ndiyo inayotambua mashirika gani ya ithibati yaaminiwe. Basi mtu akikwambia chuo chake kina ruhusa Marekani, muulize jimbo gani, kisha muulize ithibati ya nani, kisha uliza kama huyo aliyetoa anatambuliwa. Na hata chuo kizuri cha huko kikitaka kumfundisha kwa intaneti mwanafunzi aliye jimbo jengine kinahitaji ruhusa ya jimbo la mwanafunzi. Majimbo yakachoka na karatasi yakafanya mapatano ya kutambuana, na hata hapo California ilibaki nje. Ikiwa Mmarekani havuki mpaka wa jimbo bila ruhusa, nani kamwambia wewe wa Chake Chake kwamba intaneti haina mipaka?

Tena msidhani muhuri wa hadaa hutoka huko peke yake. Palikuwa na watu Spokane, jimbo la Washington, huko huko Marekani, waliouza shahada za chuo walichokiita Saint Regis. Walipotakiwa ithibati walionyesha ya Liberia, nchi iliyokuwa vitani. Ilikuja kubainika kwamba walihonga maafisa wa Liberia kuipata. Wenyewe wakakiri makosa mahakamani, 2008. Yaani muhuri wa serikali ya Kiafrika ulitumika kumdanganyia Mmarekani nyumbani kwake.

Cha nje si lazima kiwe cha uongo. Taasisi ya Teknolojia ya India ya Madras imefungua kampasi Bweleo, Unguja, mwaka 2023, ya kwanza ya taasisi hizo nje ya India, na ilikuja kwa makubaliano ya serikali na serikali yaliyosainiwa mbele ya watu. Na ukitaka kumpeleka mtoto nje, TCU ina utaratibu wa barua ya kutokuwa na pingamizi, na mawakala wanaotafutia watoto vyuo vya nje wanatakiwa wasajiliwe. Wakala akija kwako na brosha, mwambie akuonyeshe usajili wake kwanza. Akianza kukasirika, mpe chai aende zake.

Kuna mkono umeinuka. Ndiyo, bibi.

Bibi anauliza: mwanawe yuko mwaka wa pili, na amesikia kozi yake imezuiwa kudahili. Je, amtoe?

Usimtoe kwa kusikia. Kuzuiwa kudahili kunawahusu wapya. Waliomo ndani hawafutiwi kwa hilo, na chuo kikifikia kufungwa kabisa TCU huwahamishia vyuo vyengine. Lakini wa kuhamishwa anahamishwa na karatasi. Mwambie akusanye matokeo ya kila muhula yenye muhuri, barua ya kudahiliwa, risiti za ada, na za mkopo kama anachukua wa Bodi ya Zanzibar au ile ya Muungano. Nakala moja akae nayo, moja akutumie wewe kwa boti. Wewe ziweke pale unapoweka hati ya shamba. Kisha aandike TCU aulize juu ya kozi yake, aitaje kwa jina lake lote kama lilivyo kwenye barua, asiandike jina la chuo peke yake.

Wa Micheweni nendeni, gari lenu linapiga honi. Mwenye bahasha yoyote anayetaka itazamwe, mimi nipo hapa barazani mpaka Magharibi.