Jangwani hakuna mpita njia: maneno kwa wanaojiandaa kwenda Namibia

(Mhadhara uliotolewa Moshi mbele ya waongoza watalii, madereva na familia zao)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Asanteni kwa kuacha shughuli zenu Jumamosi mchana.

Mtu akisikia jangwa anawaza jua. Leo naomba jua tuliweke pembeni. Kofia mnazo, na ninyi si watu wa kuogopa jua. Shida ya Namibia ni nyingine: nchi ile haina watu.

Tufanye hesabu. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 825,000, yaani haiachwi mbali sana na Tanzania kwa ukubwa. Sensa yao ya 2023 ilipata watu milioni 3 na kidogo. Sensa yetu ya 2022, mikoa ya Arusha na Kilimanjaro tu, ilivuka milioni 4. Sasa toa zaidi ya robo ya watu wa mikoa hii miwili, wanaobaki watawanye nchi nzima, na kumbuka wengi wao wanaishi kaskazini kabisa au Windhoek, mji mkuu. Huko kwingine utakakokwenda wewe kupiga picha ni kutupu.

Hapa kwetu gari likikufia Himo au Makuyuni, hujamaliza kufungua boneti umeshazungukwa: fundi, mwenye jeki, muuza karanga, na mzee mmoja wa kukushauri bila kuulizwa. (Kicheko.) Kule utafungua boneti na kuifunga mwenyewe. Simu ukishatoka mjini haina mtandao. Kwa hiyo pangeni safari kama watu ambao hakuna atakayewakuta barabarani.

Tuanze na barabara, maana ndiyo inayoua wageni. Njia kuu zenye herufi B ni lami nzuri. Zenye C na D nyingi ni changarawe, na hapo ndipo dereva wa Serengeti anapoponzwa na ujuzi wake. Sisi tumezoea barabara mbovu, inayokulazimisha upunguze mwendo. Changarawe ya Namibia inachongwa vizuri, imenyooka, pana, hakuna mtu wala ng'ombe. Mguu unakuwa mzito wenyewe. Ukifika 110 unajiona uko kwenye lami, kisha linatokea korongo dogo au kona, unakanyaga breki, na gari linapinduka bila kugongana na chochote. Usizidi 80. Usikate usukani ghafla, hata oriksi, yaani choroa, akikatiza mbele yako. Washa taa mchana, kwa sababu gari linalokuja unaliona kama vumbi tu. Ikifika magharibi uwe umeshafika. Wanyama wanapanda barabarani usiku, na kampuni nyingi za kukodisha magari bima yake haikulipi ukipata ajali gizani.

Chukua gari lenye matairi mawili ya akiba. Kabla hujasaini, yashushe yote mawili uyakague, jeki ijaribu, spana ya magurudumu ijaribu. Wale vijana wa ofisini watakuona msumbufu. Acha wakuone.

Upepo wa matairi ni somo peke yake. Sossusvlei, kule kwenye vilima vyekundu vya mchanga, ukiingia geti la Sesriem una lami ya kilomita 60 hivi. Mbele yake zinabaki kama kilomita 5 za mchanga mzito. Hapo unapunguza upepo hadi paundi 16 au 18, unatia gia ya magurudumu manne, na unakwenda bila kusimama. Ukirudi kwenye lami unajaza tena papo hapo. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa linachemka na kupasuka. Kama huna pampu ya kuchomeka kwenye gari, usitoe upepo. Pale lami inapoishia kuna magari ya kuwavusha wageni. Panda. Nimeona wanaume wakikataa kwa kuogopa kuonekana si madereva, halafu wanashinda wanachimba mchanga kwa sahani za plastiki, mke amekaa kivulini anaangalia tu.

Mafuta: kila kituo ukikiona, jaza, hata kama tangi liko nusu. Kutoka Windhoek hadi Sesriem ni kama kilomita 350, sehemu kubwa changarawe, na vituo njiani unavihesabu kwa vidole. Uwe na fedha taslimu, maana mashine za kadi hukataa. Dola ya Namibia inakwenda sawa kwa sawa na randi ya Afrika Kusini, na randi inapokelewa kote. Ila zimalize dola zao kabla ya kuondoka. Johannesburg hazitakununulia hata chai. Shilingi yetu iacheni nyumbani, na pesa za simu vilevile.

Maji. Hapa wapagazi na waongozaji wa mlima hamna cha kufundishwa. Njia ya Marangu, ukishapita kile kibao cha maji ya mwisho ukaingia Saddle kati ya Mawenzi na Kibo, mnajua hewa ile: inakukausha na hata jasho hulioni. Namib, jangwa lao la pwani, iko hivyohivyo, ila na joto juu yake. Wekeni lita 5 kwa kila mtu kwa siku, na akiba ya siku moja zaidi ambayo haiguswi. Gari likiharibika, kaeni nalo. Gari linaonekana kwa mbali na lina kivuli. Mtu anayetembea kutafuta msaada haonekani. Kila asubuhi mwambieni mwenyeji mnakoondoka mnapita wapi, na mnakokwenda wajue mnafika saa ngapi, ili msipofika kuwe na mtu wa kushtuka.

Mama mmoja ameniuliza kama watoto wabebe masweta. Mama, tena mazito. Juni hadi Agosti usiku wa jangwani unaweza kushuka hadi sifuri na chini yake. Na pwani msitegemee joto la Tanga. Bahari yao inapitiwa na mkondo wa Benguela, maji baridi yanayotoka kusini. Hewa iliyopoa hivyo hainyanyuki kuwa mawingu ya mvua, na hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya jangwa kuwepo pale. Inaleta ukungu badala yake. Swakopmund, mji wa pwani, utaamka saa mbili asubuhi hujaona jua. Ukungu huohuo ndio unaowanywesha wadudu na mimea ya huko, na ile welwitschia yenye majani mawili tu maisha yake yote inaweza kufikisha zaidi ya miaka elfu moja. Msikanyage pembeni yake, na msitoke nje ya njia kwa gari: alama za matairi kwenye tambarare zile hukaa miongo.

Hema msipige ndani ya korongo, hata kama mchanga wake ni laini na mti una kivuli. Mvua inanyesha milimani mbali, maji yanawafikia juu yenu kukiwa na nyota.

Nyaraka ni jambo fupi: pasipoti yenye zaidi ya miezi sita, kadi ya homa ya manjano, na masharti ya kuingia yathibitisheni ubalozini kabla ya kununua tiketi. Ndege ya moja kwa moja kutoka KIA hakuna, mtapitia Johannesburg au Addis Ababa. Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja. Soketi ni za matundu matatu ya duara, makubwa.

Kiswahili hakitawasaidia sana. Lugha rasmi ni Kiingereza na Kiafrikana kinasikika kila duka. Lakini semeni mmetoka Tanzania. Wapiganaji wa SWAPO, chama kilichopigania uhuru wa Namibia, walikuwa na kambi Kongwa, na wazee wa huko hawajasahau. Kwa Wahimba, wafugaji wa kaskazini-magharibi, ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Sisi tunaoishi na Wamasai hapa tunajua mgeni asiye na adabu anavyoonekana.

Swali la mwisho, la Mangi pale nyuma: nyama? (Kicheko.) Nilijua litakuja. Kuna uzio wa mifugo unaokata nchi mashariki hadi magharibi, kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo. Ukitoka kaskazini kuja kusini, pale Oshivelo au Palmwag watafungua friji yako, na nyama mbichi wataichukua. Kwa hiyo choma na umalize hukohuko. Ukishavuka, Outjo kuna bucha, nunua upya.