Fuateni Miguu ya Watu

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie namna wakazi wanavyoweza kuzisaidia biashara ndogo za mtaani kwao, na najua waandaaji walitarajia nianze na ule wimbo wetu wa "nunueni kwa jirani". Sianzi nao. Ni jambo jema, lakini jirani huyo akipandishiwa kodi ya fremu maradufu, au kituo cha basi kikisogezwa mbali na mlango wake, huruma ya mteja mmoja mmoja haitamvusha miezi mitatu.

Ninalolisema kila nikipewa kipaza sauti, na naona wanaonifahamu wameshaanza kucheka, ni hili: biashara ndogo inaishi kwa miguu ya wapita njia. Anayeamua miguu hiyo ipite wapi ndiye anayeamua nani afungue na nani afunge. Na uamuzi huo haufanyiki siku ya kukata utepe. Umefanyika zamani, kwenye ramani, wakati sisi tuko majumbani tunasubiri tuone jengo linafananaje.

Tazameni Warwick, pale Durban, Afrika Kusini. Reli, mabasi na teksi vyote vinakutana hapo, na hesabu inayotajwa sana ni kwamba yapata watu 460,000 hupita kila siku. Katikati yao wamo maelfu ya wachuuzi. Katika miaka ya 1990 manispaa ilifanya jambo ambalo mamlaka nyingi huliona la ajabu: ilikaa na wachuuzi na kupanga nao. Kulikuwa na barabara ya juu iliyojengwa kisha ikaachwa inaning'inia, haiunganiki na kitu. Ikageuzwa soko la dawa za asili. Zege lile lile lililokuwa halina kazi likapata vibanda na wateja, kwa sababu lilikuwa pale pale watu wanapopita. Hakuna aliyelazimika kuwahamishia wauzaji kwenye kiwanja kipya nje ya mji, chenye uzio mzuri, choo kizuri, na hakuna mteja. Mnayajua masoko ya namna hiyo. Kiongozi anapiga picha siku ya kwanza, na mwaka unaofuata mbuzi ndio wapangaji.

Sasa ukafika mwaka 2009. Kombe la Dunia linakuja mwakani, na manispaa ile ile ikatangaza kwamba Soko la Asubuhi la hapo hapo Warwick, lililofunguliwa mwaka 1910, liondolewe pajengwe moli. Waliokuwa nje ya soko wakadhani ugomvi ni wa wale wenye meza mle ndani tu. Walioitazama ramani waliona zaidi. Mpango ulikuwa unapindisha pia njia za abiria, ili umati unaoshuka kwenye magari upite mbele ya milango ya moli kabla ya kufika kwa wachuuzi. Kwa hiyo hata mchuuzi ambaye meza yake haikuguswa alikuwa ananyang'anywa wateja. Hakupewa barua wala notisi. Umati ungehamishwa tu, naye angebaki na meza yake.

Wachuuzi walilielewa hilo haraka kuliko wataalamu. Wakaandamana, wakapambana na polisi, wakapata wanasheria, wakaenda mahakamani, na mwaka 2011 halmashauri ikaufuta uamuzi wake. Moli haikujengwa pale. Lakini angalieni gharama: watu walipigwa, na siku nyingi za kuuza zilipotea, kwa jambo ambalo lingeweza kuzungumzwa mezani wakati ramani bado ni penseli.

Hapa huwa anasimama bwana mmoja na kusema, "Mheshimiwa, nyie mnapinga maendeleo. Mwekezaji atakimbia." Ngoja nimjibu kabla hajasimama. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi sina tatizo na mgeni. Nauliza tu kama mwenyeji anapona. Mwekezaji anayekimbia kwa sababu wakazi wameuliza milango ya jengo itaelekea upande gani, huyo angetukimbia tu hata tungenyamaza, ila angeondoka baadaye na angekuwa ameshatubomolea. Maswali yenyewe wala si ya uchokozi. Fremu za chini atazishika nani, kwa mkataba wa miaka mingapi? Magari ya abiria yatasimama wapi wakati wa ujenzi? Hili la mwisho hatuliulizi kabisa, na ndilo linaloua mapema. Mabati ya mkandarasi yakishazungushwa mbele ya duka la mtu, jengo linapokuja kukamilika yeye alishafunga siku nyingi, halafu tunaambiwa biashara yake "haikuhimili ushindani". Ushindani gani? Alishindana na mabati.

Kuna anayesema soko lijiamulie lenyewe. Paris hawakulisubiri. Kuanzia mwaka 2004 mji ule uliipa kampuni yake ya umma kazi ya kununua vyumba vya biashara vya chini katika mitaa ambako maduka ya aina moja yalikuwa yanameza mengine yote, au ambako maduka ya vitabu yalikuwa yanatoweka. Mji ulikuwa na haki ya kununua kabla ya mnunuzi mwingine, kisha unampangisha mfanyabiashara mdogo ambaye mtaa unamhitaji. Mshika ufunguo ndiye anayechagua duka. Uingereza nao, kwa sheria ya mwaka 2011, waliwapa wakazi wa England nafasi ya kuandika mpango wa mtaa wao na kuupigia kura. Ukipita, maofisa wanapaswa kuuzingatia wanapotoa vibali. Karatasi inayochosha kuisoma, nakiri, lakini ina meno kuliko bango la maandamano.

Takwimu mnazipenda, basi chukueni moja. Utafiti wa Andersonville, Chicago, wa mwaka 2004 ulikadiria kwamba kila dola 100 zinazotumika kwenye biashara ya wenyeji huacha dola 68 katika uchumi wa mji, na kwenye maduka ya mnyororo, yaani matawi ya kampuni moja kubwa, dola 43. Uliagizwa na jumuiya ya maendeleo ya mtaa ule ule, kwa hiyo sisemi ni msahafu. Lakini sababu yake ni rahisi: mwenye duka wa mtaani humtafuta mhasibu, fundi na msambazaji wa hapo hapo, na faida haipandi ndege.

Nimeonyeshwa saa, kwa hiyo nakimbia. Kumiliki wenyewe: Saranac Lake, mji mdogo wa jimbo la New York, duka lao kubwa lilifungwa mwaka 2002, na wakawa wanaendesha gari mwendo mrefu kutafuta hata soksi. Wakauziana hisa za dola 100 kila moja mpaka wakafikisha nusu milioni, na mwaka 2011 wakafungua duka lao. Iliwachukua miaka kadhaa, na walikuwa wamekubaliana kwamba mtu mmoja asizidishe hisa za dola 10,000, ili tajiri asije akalimeza. Kipengele hicho kinakilini kama kilivyo.

Nilikuwa na sehemu nzima ya mikopo na dhamana. Tuiache, nitaitwa tena. Karibuni kwa maswali, ila lile la mwekezaji kukimbia nimeshalijibu.