Namba Isiyo na Mji

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Ninyi ni wakutubi watarajiwa, kwa hiyo nianze na kitabu cha simu. Kila kitabu kilikuwa na mji wake. Ukikaa Chicago unapewa cha Chicago, na biashara ya Boston huioni humo.

Mwaka 1967 kampuni ya AT&T ya Marekani ikaleta namba za 800, ambazo anayepigiwa ndiye anayelipa. Kabla ya hapo, ukitaka mwenzako alipe ulipitia kwa opereta, naye akamuulize kwanza kama anakubali. Namba ya 800 ikaondoa kuombana huko. Lakini iliondoa kitu kingine pia, na hapa naomba mnisikilize vizuri: iliondoa mji. Kule, tarakimu tatu za mwanzo zilitaja eneo. 312 ni Chicago, 212 ni New York. 800 ni ya wapi? Si ya popote. Sasa uiandike kwenye kitabu cha mji gani?

Jibu mojawapo lilikuwa opereta wa 1-800-555-1212. Unamtajia jina la kampuni, anakupa namba. Huna jina, umekwama.

Katikati ya miaka ya 1990 AT&T ikaiweka saraka yake ya namba za bure kwenye intaneti, na ungeweza kutafuta kwa jina au kwa aina ya biashara. Mimi naliona hili kuwa jambo kubwa kuliko linavyosemwa. Mtu anajua shida yake, hajui nani wa kuimaliza. Anataka maua yamfikie mama yake aliye mbali. Anaingia kwenye maua, majina yanajipanga mbele yake. Kazi ya mkutubi ndiyo hiyohiyo.

Ilikuwa na mipaka. Tangu 1993 biashara iliweza kuhamia kampuni nyingine ya simu na namba yake ya 800 mkononi, kwa hiyo saraka ya kampuni moja isingeweza kubeba nchi nzima. Machi 1996 zikaongezwa namba za 888, kwa kuwa za 800 zilikuwa zinakwisha. Tarakimu saba zilezile sasa zingeweza kuwa na wenyewe wawili tofauti, na aliyezoea kubonyeza 800 akaangukia kwa mwingine.

Wafanyabiashara wengine walitegemea herufi za kwenye vitufe. 1-800-FLOWERS, yaani maua: F ni 3, L ni 5, O ni 6, mpaka upate 356-9377. Hiyo inakaa kichwani bila saraka. Wengi hawakuwa na neno la namna hiyo.

Na tukumbuke nyumba zenyewe. Nyingi zilikuwa na laini moja ya simu, na modemu, kile kifaa cha kuingilia intaneti kupitia laini hiyohiyo, ndiyo imeishikilia. Namba umeiona kwenye skrini, lakini huwezi kuipiga. Unatafuta kalamu, unainakili kwenye karatasi, unakata intaneti, unanyanyua mkono wa simu, unasikiliza mlio kwanza, ndipo unabonyeza.