Usimwambie Akumbuke, Mwandikie

Assalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na habari za asubuhi kwenu nyote. Nimealikwa kuzungumza nanyi, wenye maduka na wakuu wa vitengo wa hapa Tanga, juu ya watu wazima wenye ADHD, yaani hali ya kushindwa kutulia na kukaza akili kwenye jambo moja. Kabla sijaanza, naomba ile saa ya ukutani ihamishiwe huku mbele. Hapo ilipo naiona mimi peke yangu, na katika watu wengi kama ninyi hamkosi mwenye hali hii. Huyo anahitaji kuuona muda ukienda.

ADHD ni hali ya ubongo inayoanza utotoni. Kwa vigezo ambavyo madaktari wa akili wa Marekani walivitoa mwaka 2013, dalili ziwe zimeonekana kabla ya umri wa miaka 12. Mtu mzima awe na angalau dalili 5 kati ya 9 za kukosa umakini, au 5 kati ya 9 za utukutu na papara, na zimvuruge kazini na nyumbani pia. Wapo wanaosema haya ni maradhi ya simu. Daktari George Still alihadhiri London mwaka 1902 kuhusu watoto wa namna hii. Mwaka 1902! Hata redio ilikuwa bado haijaingia majumbani.

Mtoto akikua, kurukaruka hupungua. Kinachobaki ni kusahau, kuchelewa, na kuanza mambo kumi asimalize hata mawili. Sisi tunamwita mzembe. Lakini muulize kazi inavyotakiwa kufanywa, pengine atakueleza vizuri kuliko wewe. Anajua, kinachomshinda ni kuitenda ile anayoijua wakati wake ukifika. Ndiyo maana mawaidha hayamfai, maana mawaidha yanaongeza ujuzi ambao tayari anao. Mwanasaikolojia Russell Barkley wa Marekani amelisisitiza hili miaka mingi, nami nakubaliana naye: msaada ukae nje ya kichwa cha mtu, palepale kazi inapofanyika.

Sasa tutazame ofisini. Bosi anapishana na karani mwenye hali hii ukumbini: “Usisahau ile ankara ya Muheza, halafu mpigie yule wa Pangani, na ripoti naitaka mwisho wa mwezi.” Maagizo matatu, hata moja halikuandikwa. Ujumbe wa mistari mitatu kwenye WhatsApp ungetosha. Na hiyo “mwisho wa mwezi” kwake ni kama haipo, mpaka iamke tarehe 29 usiku. Mwambie: “Kesho saa nne asubuhi niletee jedwali la kwanza tu, hata likiwa na makosa.” Keshokutwa la pili. Ripoti itafika.

Na saa zenyewe ziandikwe kwa namna zote mbili. Kalenda ya simu inasema 08:00, sisi tunasema saa mbili. Wengi wetu tunageuza bila kuhisi, ila mwenye haraka na mawazo matano kichwani anaweza kuteleza hapo hapo. Kengele nayo iwe ya kuondoka nyumbani, isiwe ya kikao. Anayetoka Pongwe na kusubiri daladala ijae, kengele ya kikao itamkuta bado anatafuta kiatu.

Jambo jingine tunalo siku zote na hatulihesabu kuwa ni msaada. Kina mama wa ukili hukaa pamoja barazani, kila mmoja na mkeka wake, na mikono haisimami. Mtu mwenye ADHD mara nyingi humaliza kazi ikiwa kuna mwenzake karibu anayefanya yake. Asimsimamie wala asimhoji, awepo tu. Na dawati lake msiliweke mlangoni, kila anayeingia akamsalimu.

Nyumbani ndiko kunakouma zaidi. Mara nyingi mke ndiye anayegeuzwa kumbukumbu ya mume: LUKU, ada, dawa za bibi, funguo. Anachoka, na mume naye anajiona anafokewa kama mtoto. Kaeni mkubaliane yapi yahamie ukutani, kwenye karatasi kubwa, ili karatasi ndiyo ikumbushe. Umeme ununuliwe siku ya mshahara, kabla ya matumizi mengine. Kodi ya nyumba, ambayo kwetu hudaiwa ya miezi sita kwa mkupuo, itengwe kidogo kidogo kwenye kikoba, maana kule kuna watu wanaomngoja kila wiki. Mikopo ya simu, ile ya kubonyeza tu, kwa mwenye papara ni shimo. Aifunge kama mtandao wake unaruhusu.

Dawa zipo, kama methylphenidate, na huwasaidia wengi, ila huandikwa na kufuatiliwa na daktari. Mirungi si badala yake, na hapa nchini imepigwa marufuku. Kuhusu haki, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Mkataba unataka marekebisho yanayofaa kazini, yasiyomlemea mwajiri kupita kiasi. Haya niliyoyataja, niambieni, lipi linamlemea nani?

Naona mkono kule nyuma. Kaka anauliza: wafanyakazi wengine nao wakitaka je? Wapeni. Maagizo ya maandishi waandikieni wote, na hapo hakuna atakayenyooshewa kidole. Litakalobaki la mtu mmoja mmoja ni mahali pa kukaa na saa ya kuingia. Hilo likae baina yenu wawili, mlango ukiwa umefungwa. Muandike mlichokubaliana, kila mmoja abaki na nakala, na mwezi ukiisha mlitazame tena. Dada wa hapa mbele, karibu.