Shaba ndani ya chuma cha poda: nguvu inatoka wapi hasa

Haya jamani, tuanze. Kipande cha chuma cha poda, tuseme gia, tumeshindilia unga kwenye kalibu, tukauchoma kwenye tanuru karibu nyuzi 1120, chembe zikashikana. Kwa macho unaona chuma kizima, ila ukikikata ukakiweka kwenye hadubini utakuta vitundu kila mahali. Chuma halisi kina gramu kama 7.87 kwa kila sentimita ya ujazo, hichi chako kina 6.7, maana yake karibu asilimia 15 ya hicho kipande ni hewa tu. Na vile vitundu havijakaa kimviringo vizuri, vina kona kali, na ufa unaanzia hapo hapo kwenye kona.

Sasa shaba inaingiaje? Shaba inayeyuka kwenye nyuzi 1085, yaani chini kidogo ya joto la tanuru, kwahiyo unaweka kidonge cha shaba juu ya kipande, vinaingia pamoja, shaba ikiyeyuka inanyonywa na vitundu kama utambi unavyonyonya mafuta, hakuna wa kuisukuma. Lakini hii inawezekana tu kama vitundu vimeunganika. Ukishindilia sana, vitundu vinajifunga vyenyewe kwa ndani na shaba haina njia ya kupita, hapo unapoteza shaba bure.

Kiasi gani cha shaba? Tupige hesabu, nawaomba muizoee. Kipande cha gramu 100 chenye 6.7 kina ujazo wa kama sentimita 14.9, chuma chenyewe kinachukua 12.7, zinabaki 2.2 za hewa. Zidisha kwa uzito wa shaba, 8.96, unapata karibu gramu 20 kujaza vyote. Kiwandani watu wengi hawajazi vyote, wanaacha nafasi kidogo, maana shaba ikizidi inabaki imegandia juu ya kipande.

Hapa ndo nataka mnisikilize kabisa. Wengi wanaamini shaba nyingi ndo nguvu nyingi, SIO KWELI. Angalia viwango vya MPIF, lile shirika la viwanda vya metali ya poda la Marekani: chuma chenye kaboni karibu asilimia 0.8 bila shaba, kikiwa na uzito wa gramu 7.0 kwa sentimita ya ujazo, kinavumilia kuvutwa mpaka megapaskali 390 hivi (megapaskali ni kipimo cha nguvu kwa eneo) kabla ya kukatika. Ukikitia shaba ya kati ya asilimia 8 na 15 unafika karibu 600, yaani umeongeza nusu nzima! Sasa tia shaba asilimia 15 mpaka 25, unategemea nguvu ipande tena eti? Inashuka, karibu 550. Kwa nini? Kwa sababu ili shaba nyingi iingie lazima vitundu viwe vingi, yaani kiunzi cha chuma ni chembamba, na anayebeba mzigo mkubwa ni kiunzi, shaba inaziba zile kona kali na sehemu yake inaingia ndani ya chuma chenyewe na kukikaza. Kwahiyo shindilia kiunzi vizuri kwanza, halafu shaba imalizie.

Kuna tatizo la mmomonyoko pia, shaba tupu ikiyeyuka ina njaa ya chuma, inaanza kula uso wa kipande pale ilipokaa, unakuta shimo. Dawa yake inajulikana, kidonge kinachanganywa na chuma kidogo mapema, asilimia chache tu, kikiyeyuka tayari kimeshiba. Na kipande kinavimba kidogo maana shaba inapenya katikati ya punje za chuma, kaboni inasaidia kupunguza hilo, ila vipimo vikali sana msitegemee moja kwa moja kutoka tanuruni.

Ukikata kipande ukakuta juu kuna shaba na chini hakuna, usikimbilie kuongeza shaba. Angalia kama kilainishi, kile kilichochanganywa na unga ili ushindilike vizuri, kiliungua chote kabla ya joto kupanda, angalia kama gesi ya haidrojeni iliyojaa tanuruni ni kavu, kwa sababu uso wenye oksaidi shaba haiushiki.

Kuna dada pale nyuma kauliza kama kipande hichi kinaweza kukaziwa kwa moto na mafuta. Ndiyo dada, tena vizuri kuliko kile kisicho na shaba, maana vitundu vimezibwa, gesi ya kaboni inayotumika kugumisha ngozi ya kipande haipenyi ovyo mpaka katikati, ngozi ngumu inakuwa na kina unachokitaka, na mafuta ya kupoozea hayabaki ndani.